Windo la elfu kumi lina mwenyewe

Haya wadau, leo tuwaache waheshimiwa bungeni, twende kwenye kafe. Siasa ipo hata kule, tena inakugusa wewe uliyekaa kwenye kiti cha plastiki kuliko unavyodhani.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10. Maana yake ni kwamba tundu lolote la wezi likigunduliwa baada ya siku ile, mwenye mali hana wajibu wa kukuzibia. Sasa kafe ninayoshinda mimi ina mashine 12. Tisa zilikuwa na Windows 10. Mbili zilikuwa na Windows 7, ambayo ilishazikwa tangu Januari 2020. Moja imekufa kabisa, juu yake wameweka feni. Na kati ya zote hizo hakuna hata moja ambayo mwenye kafe alilipia leseni. Alimlipa fundi elfu kumi kwa kila mashine, fundi akapiga windo, akakraki, akaondoka.

Kichekesho ni hiki. Hizo kompyuta ni mtumba wa ofisi za Ulaya, na ukizigeuza utaona ubavuni bado zina stika ya Windows halali. Yaani zilikuja na leseni yake! Sisi tukaifuta, tukaweka ya wizi, kwa sababu fundi alikuwa na flashi yenye windo moja la kila kitu na hakuwa na muda wa kusoma stika.

Kwa nini wasihamie Windows 11? Kwa sababu Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Mashine za kafe yetu ni Core i5 za kizazi cha tatu na cha nne. Zinafanya kazi vizuri, zinafungua Google, zinachapa barua, zinacheza video. Hazina ugonjwa wowote. Kampuni tu imeamua kwamba muda wake umekwisha. Kuna njia za uchochoroni za kulazimisha, naam, ila ukishapita uchochoroni usilalamike ukikabwa.

Microsoft walitoa nyongeza ya mwaka mmoja kwa watu binafsi, hadi Oktoba 2026. Ulipe dola 30, au uingie kwa akaunti yao na uhifadhi mipangilio yako kwao, au utumie pointi zao za zawadi. Vyama vya watumiaji huko Ulaya vilipiga kelele, na watu wa eneo la uchumi la Ulaya wakapewa mwaka huo bila kulipa. Sisi hatukupiga kelele. Tungempigia nani? Mwenye windo la kukraki hana pa kwenda kudai, si kwa kampuni wala si kwa serikali. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, ile inayosimamiwa na COSOTA, inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Ukienda kulalamika unajishtaki mwenyewe.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Watu wengi huniuliza teknolojia ninayoipenda na nisiyoipenda, wakitegemea nitaje simu au laptopu. Mimi nataja leseni. Najua inachosha, hakuna anayesoma yale maandishi kabla ya kubonyeza "Nakubali". Lakini pale ndipo inapoamuliwa mashine ni ya nani.

Ukinunua jembe, jembe ni lako. Utalinoa, utalikata mpini, utamwazima jirani. Ukinunua programu ya kawaida ya kampuni, hujanunua programu. Umenunua ruhusa ya kuitumia kwa masharti yao, na ruhusa ina mwenyewe. Mfano ninaoupenda ni wa Julai 2009. Amazon waliingia kwenye vifaa vya Kindle vya wateja wao na kufuta vitabu viwili vya George Orwell ambavyo watu walishavilipia, kwa sababu aliyewauzia hakuwa na haki ya kuviuza. Pesa walirudishiwa, na bosi wao Jeff Bezos akaomba radhi. Ila fikiria: muuza duka anaingia sebuleni kwako usiku, anachukua kitabu, anaacha noti mezani. Na kimoja kati ya vitabu hivyo ni kile cha 1984, kinachohusu serikali inayofuta habari zisizopendeza! Ningekuwa mtunzi wa vichekesho nisingethubutu kuandika hivyo.

Sasa nisiyoipenda kuliko zote ni leseni ya kulipia kila mwezi. Adobe walihamia huko mwaka 2013. Zamani uliweza kununua Photoshop mara moja ukakaa nayo miaka sita hata kama imezeeka. Siku hizi ukikosa hela ya mwezi huu, kazi zako ziko kwenye diski yako lakini mlango wa kuzifungulia umefungwa. Microsoft nao wanakusukuma kwenye Microsoft 365, ambayo kwa mtu mmoja Marekani ilipanda kutoka dola 70 hadi dola 100 kwa mwaka mnamo Januari 2025, pamoja na akili bandia ambayo wengi hawakuiomba. Mtu anayechapa CV tatu kwa siku pale steshenari atatoa wapi hiyo?

Jibu la mtaani tunalijua: kraki. Na hapa wadau mtanisamehe, maana najua nagusa riziki za watu. Mimi sisemi kraki ni dhambi. Nasema kraki si bure, na wala si uasi kama vijana wengi wanavyojidanganya. Mwaka 1998 Bill Gates alizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington akaulizwa kuhusu China. Alichosema kwa ufupi ni kwamba madhali watu wataiba programu, basi afadhali waibe za kwetu, watazizoea, na baadaye tutajua namna ya kuwadai. Soma tena hapo. Wewe unadhani umempiga tajiri, kumbe yeye anakuhesabu kama mteja wa kesho. Umejifunza Word tu, unafundisha Word tu, mwajiri anataka Word tu, na mtu wa ofisini anayekuja na programu nyingine anaonekana mshamba. Bila hata senti moja ya matangazo.

Siku ya kudai nayo ilikuja. Oktoba 2008 watumiaji wa Windows XP za wizi kule China walianza kuona skrini inageuka nyeusi kila baada ya saa moja. Na nyinyi mliokuwa kwenye kafe zama za Windows 7 mnayakumbuka yale maandishi ya pembeni, Build 7601, windo hili si halisi. Tuliyazoea hadi tukadhani ni sehemu ya mapambo.

Fundi alichofanya baada ya hapo ni kuzima masasisho kabisa, ili mashine isije ikawasiliana na makao makuu. Na hapo ndipo hasara ilipo. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu moja baya. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikazifunga kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi 150 hivi na kudai malipo kwa Bitcoin. Nyingi zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekwa kiraka. Aliyezima masasisho ili asikamatwe na kampuni alijipeleka mwenyewe kwa majambazi.

Mimi mwenyewe yalinikuta, ingawa si kwa kirusi cha kimataifa namna ile. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo iko kwenye flashi, nakwenda kuichapa kafe moja karibu na stendi. Nachomeka, mafaili yote yanageuka kuwa vialama vya njia ya mkato. Nabonyeza, hakuna kitu. Kijana wa pale akaniambia, "Hiyo ni kawaida kaka, format tu." Format tu! Kurasa 46. Baadaye sana nikajifunza kwamba mafaili hayakuwa yamefutwa, yalifichwa tu, na ningeyapata kwa amri moja. Lakini nilishaformat. Ile mashine kinga yake ya virusi ilikuwa ya kukraki pia, na aliyeikraki ndiye aliyeiweka mgonjwa.

Basi tuje kwenye ninazozipenda.

Ya kwanza ni GPL. Hii ni leseni ya Richard Stallman, yule bwana wa MIT mwenye ndevu nyingi aliyeanza mradi wa GNU mwaka 1983 baada ya kuchoshwa na programu ambazo mtu haruhusiwi kuzirekebisha. GPL toleo la kwanza ni la 1989, la pili 1991, la tatu 2007. Ukali wake ni huu: una ruhusa ya kutumia programu kwa kazi yoyote, kuufungua msimbo na kuusoma, kuubadili, kuugawa, hata kuuza. Sharti moja kubwa. Ukimpa mtu mwingine, mpe na haki hizohizo na msimbo wake. Huwezi kuchota kisimani halafu ukaweka kufuli. Linus Torvalds, aliyeanza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, aliiweka chini ya GPL mwaka uliofuata, na leo Linux iko ndani ya kila simu ya Android uliyoishika.

Kuna watu wanapenda zaidi leseni laini kama MIT au Apache, ambazo zinakuruhusu kuchukua na kufunga. Nazielewa. Kampuni zinazipenda. Mimi nawapa alama sita kwa kumi, kwa sababu ukarimu usiomlinda anayefuata humnufaisha mwenye nguvu.

Kwa programu zenyewe, VLC. Sidhani kama kuna kafe Bongo isiyo na ile koni ya barabarani. Ilianza kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale pale Paris mwaka 1996, ikawekwa chini ya GPL mwaka 2001, na inafungua chochote: sinema iliyotafsiriwa, CD iliyokwaruzwa, video ya harusi iliyokatika katikati. Haijawahi kuniuliza namba ya siri. Na 7-Zip, ambayo ni huria tangu zamani, lakini bado mnaweka WinRAR ya majaribio ya siku 40 ambayo siku zake hazijawahi kwisha. Kila mara inakukumbusha kulipa, na kila mara unaifunga. Jamani, kuna mtu kati yenu amewahi kuilipia?

Halafu LibreOffice, na hapa nina ya moyoni. Mwishoni mwa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nao walitangaza kwamba wataileta lugha yetu kwenye Windows na Office. Tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wale wa Mlimani hawakuhitaji kumwomba mtu. Leseni ilishawaruhusu, wakakaa wakatafsiri. Kwa upande wa Microsoft, Kiswahili kilingoja hadi kampuni iamue kwamba tunafaa.

Na programu hiyo hiyo ilitufundisha jambo lingine. Oracle waliinunua Sun Microsystems, iliyokuwa ikiisimamia OpenOffice, Januari 2010. Wachangiaji wakaona mambo hayaendi. Septemba mwaka huohuo wakachukua msimbo, wakaondoka, wakaanzisha The Document Foundation na kuuita LibreOffice. Hakuna aliyeweza kuwazuia. Oracle alibaki na jina, watu wakaondoka na kazi. Hebu jaribu kufanya hivyo na Photoshop uone mawakili.

Mnaodhani haya ni mambo ya wasomi tu, kumbukeni Huawei. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka kampuni hiyo kwenye orodha ya marufuku, na Google wakalazimika kukata uhusiano. Simu ya Mate 30 ilipotoka Septemba mwaka ule haikuwa na Play Store, haina Gmail, haina YouTube ya Google ndani yake. Watu mtaani wakasema "Huawei wamenyang'anywa Android". Si kweli. Android yenyewe, ile iliyo chini ya leseni huria, hawakunyang'anywa, kwa sababu hakuna anayeweza kuinyang'anya. Waliendelea kuitumia na wakajenga vyao juu yake. Walichopoteza ni vile vya Google vilivyofungwa, vilivyohitaji ruhusa. Mstari kati ya kilichobaki na kilichoondoka ulikuwa mstari wa leseni, neno kwa neno. Ikiwa hilo liliikuta kampuni kubwa kama ile, wewe mwenye Tecno ya mkopo unajiona uko salama kwa lipi?

Lakini nisiwe mhubiri. Huku kwenye huria nako kuna wasanii. Kampuni inaanza kwa leseni huria, vijana wanaizoea, wanaijenga bure, ikishakuwa kubwa inabadili masharti. Elastic walifanya hivyo mwaka 2021, HashiCorp mwaka 2023 na Terraform yao, Redis mwaka 2024. Kila mara watu walichukua toleo la zamani wakaendelea nalo kwa jina jipya: OpenSearch, OpenTofu, Valkey. Elastic na Redis baadaye wakarudisha leseni huria, wameshachelewa. Na siku hizi kampuni za akili bandia zinaita kila kitu "huria" hata kisicho huria. Leseni ya Llama ya Meta, kwa mfano, ina masharti ya nani aruhusiwe na nani aombe kibali. Vijana mnaojifunza kuandika programu, someni kwanza leseni halafu ndio mshangilie.

Na kwa nini Linux haikushika kwenye kafe zetu? Si njama za mabeberu peke yake. Mimi nilipokea CD za Ubuntu kwa posta, zile walizokuwa wakituma bure hadi mwaka 2011. Nikaziweka kwenye mashine ya kafe nikijiona mkombozi. Siku ya pili wateja wamekimbia. Printa haikubali, modemu ya USB haionekani, programu ya kuhesabu dakika za wateja ni ya Windows. Na kupakua dereva wa printa kwa intaneti ya kabla ya mkonga kufika mwaka 2009 ilikuwa kazi ya kuanza asubuhi na kuomba umeme usikatike. Wale wa mitandaoni walionijibu "soma maelekezo" sijawasamehe hadi leo.

Hali sasa ni nyingine. Kaa kafe siku nzima uhesabu watu wanafanya nini. Mkopo wa HESLB, kwenye kivinjari. Ajira Portal, kivinjari. Matokeo ya NECTA, namba ya NIDA, usajili wa BRELA, kivinjari, kivinjari, kivinjari. Kinachobaki ni kuchapa barua na kuprinti. Windows inafanya nini pale zaidi ya kuzeeka?

Mwezi uliopita nilimshawishi mwenye kafe anipe mashine tatu. Nikaweka Linux Mint, nikaweka LibreOffice, nikaipa alama yake jina "Barua na CV" kwa sababu mtu hatafuti Writer, anatafuta pa kuchapia barua. Wiki ya kwanza swali lilikuwa moja tu: "Bro, Word iko wapi?" Printa ilikubali bila kuombwa. Tatizo la kweli lilikuja Alhamisi, dada mmoja na tasnifu yake ya kurasa 80 iliyoandikwa kwenye Word. Kwa Times New Roman haikusumbua, maana kuna herufi za Liberation zilizotengenezwa makusudi ziwe na upana uleule. Lakini majedwali yalihama, na orodha ya yaliyomo ikasoma kurasa zisizo zake. Nilimhamishia mashine yenye Windows, akamaliza kazi yake. Sikuona aibu. Kazi ya mtu si uwanja wa kampeni zangu.

Mwenye kafe yeye hana habari na Stallman. Ameangalia kitu kimoja: zile tatu hazijamwita fundi mwezi mzima, na zile nyingine zimemwita mara nne, elfu kumi kila safari. Jana kaniuliza kama naweza kuongeza mbili. Nimemwambia naweza, ila aache angalau mbili za Windows kwa ajili ya watu wa tasnifu, na hizo tutafute ile stika ya ubavuni kabla ya kumwita fundi.

Atakayepita aulize mashine namba 4. Njoo na flashi yako yenye faili gumu kuliko yote uliyonayo, lenye majedwali na picha, tulifungue tuone litakavyotoka kwenye printa. Dakika kumi za kwanza nalipia mimi.